Haki ya Mwenye Katuni na Haki ya Mwenye Lugha

Yako maneno mawili yasemwayo juu ya katuni za Kijapani zinazotiwa Kiswahili na wapenzi wake, kisha zikaenezwa katika intaneti pasipo idhini ya wenyewe. Neno la kwanza ni la watu wa sheria: kwamba atendaye hivyo ni mwizi, na mwizi hana hoja ya kusikilizwa. Neno la pili ni la vijana, na wanafunzi wengi wa vyuo vyetu wamo: kwamba hadithi ni mali ya wote, na kwamba Mjapani hapungukiwi na kitu mtu wa Singida akicheka pamoja naye. Maneno yote mawili yana upungufu. Liko neno la tatu lenye haki zaidi: mwenye kazi alipwe, mfasiri aruhusiwe, na mwenye kazi asiwe na uwezo wa kuinyima lugha nzima kwa kunyamaza tu.

Tuitazame hali yenyewe kwanza. Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida. Wenyeji wake wengi ni Wanyaturu. Kinyaturu ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi, ya soko na ya mkutano, na Kiingereza ni lugha ambayo mtoto hukutana nayo darasani na kuachana nayo mlangoni. Tuseme mtoto wa hapo amepata katika simu ya kaka yake sehemu moja ya Naruto au ya One Piece. Wahusika wasema Kijapani. Chini ya picha pana maandishi ya Kiingereza, nayo yapita upesi kuliko macho yake. Wenye katuni hizo wamezitolea maandishi ya Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kijerumani na Kiarabu. Kiswahili, chenye mamilioni ya wasemaji, wamekipita. Akitokea kijana mmoja akayatia maneno yale Kiswahili, mtoto huyo ataelewa. Asipotokea, atabaki kutazama midomo ikichezacheza.

Kazi hiyo ya kijana haikuzuka jana. Katika mabanda ya video ya nchi yetu watu wameizoea sauti ya mtafsiri asimuliaye juu ya sauti ya filamu. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata sifa kubwa kwa sanaa hiyo. Na mtaalamu wa Kijerumani, Matthias Krings, aliyeichunguza, aliuita ufundi huo kugeuza wali kuwa pilau. Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda wanao mabingwa wa Kiganda kama VJ Jingo. Basi atiaye Kiswahili katuni za Kijapani leo ni mrithi wa hao, ila banda lake ni intaneti na watazamaji wake hawahesabiki.

Sheria yasemaje? Haina utata. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, nao wasema kwamba haki ya kufasiri kazi, au ya kumruhusu mwingine aifasiri, ni ya mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966 na kuunda COSOTA, yasema vivyo hivyo. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2003. Kwa hiyo ajidanganyaye kwamba upendo wake kwa katuni ni kibali, ajue kwamba hakuna mahakama itakayomkubalia. Huko Uholanzi, mwaka 2017, mahakama ya Amsterdam iliamua kwamba hata maandishi ya chini peke yake, yaliyofasiriwa na wapenzi na kutolewa bure, huvunja hakimiliki. Mwaka 2016 polisi wa Kyoto waliwakamata vijana wawili wa Kichina kwa kusambaza katuni zenye maandishi ya Kichina.

Sasa nawajibu vijana. Wasema hadithi ni mali ya wote. Je, maji si ya wote? Visima virefu vya Mwankoko hupeleka maji mjini Singida, na hakuna asemaye kwamba maji yameumbwa na mtu. Walakini mtu wa mjini hulipa ankara yake kila mwezi, maana yuko aliyechimba, yuko aliyetandika bomba, na yuko akeshaye penye pampu. Katuni nayo ni hivyo hivyo. Sehemu moja ya nusu saa huhitaji maelfu ya michoro, na tena hiyo michoro haichorwi na matajiri. Ni jambo lijulikanalo huko Japani kwenyewe kwamba wachoraji wachanga hufanya kazi kwa saa nyingi na ujira mdogo. Kumwita mchoraji huyo bepari ili dhamiri itulie ni kumwonea mara mbili.

Tena tuitumie kanuni moja kwa wote. Sheria ile ile ya mwaka 1999 inazilinda ngano, nyimbo na sanaa za jadi za makabila yetu, na kumtaka atakaye kuzitumia kwa biashara nje ya desturi zake apate kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Kama kampuni ya Tokyo ingechukua ngano ya Kinyaturu iliyosimuliwa Mwankoko, ikaifanya katuni na kuiuza duniani pasipo kuuliza, sisi sote tungepiga kelele, na kelele hizo zingekuwa za haki. Hatuwezi kuishika sheria kwa mkono wa kulia tunapodai, na kuitupa kwa mkono wa kushoto tunapodaiwa.

Liko na jambo la karibu zaidi. Mwezi wa Aprili 2017 waigizaji wa filamu zetu waliandamana Kariakoo wakilalamika kwamba filamu za nje zisizolipiwa kodi zauzwa kwa bei ambayo wao hawawezi kuifikia. Wako waliowacheka wakisema watengeneze filamu bora. Lakini ni fundi gani awezaye kushindana na bidhaa ambayo mwuzaji wake hakuigharimia chochote ila diski tupu au flashi? Mchoraji wa Dar es Salaam au wa Singida atakaye kutengeneza katuni ya Kiswahili leo hashindani na Japani. Ashindana na bure. Na bure haishindiki.

Mwisho, mfasiri mwenyewe hujidhuru. Sheria yetu huihesabu tafsiri kuwa kazi kamili, na humlinda mfasiri kama imlindavyo mtunzi. Lakini atakayeifasiri kazi kwa kificho, atakwenda kushtaki wapi mwenzake akiinakili sauti yake na kuiuza? Atasimamaje mbele ya hakimu na kusema, "Nimeibiwa nilichokichukua"? Kwa sababu hiyo kipaji chake hakiwi mali, jina lake haliandikwi kwenye mkataba, naye hazeeki na chochote mkononi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimemaliza na vijana. Sasa nawageukia wenye sheria, na hapa ndipo penye hoja yangu kubwa.

Wao wahubiri kana kwamba haki ya kufasiri ilishuka kutoka mbinguni ikiwa kamili. Historia yakanusha. Mkataba wa Berne ulipotiwa sahihi mwaka 1886, mtunzi alipewa haki ya kuzuia tafsiri kwa miaka 10 tu. Mwaka 1896 kanuni ikarekebishwa: mtunzi atashika haki hiyo muda wote, ila asipotoa tafsiri katika lugha fulani ndani ya miaka 10, haki yake katika lugha hiyo itakwisha. Mwaka 1908, huko Berlin, ndipo sharti hilo lilipoondolewa. Na ni nani aliyekataa lisiondolewe kwake? Ni Japani. Nchi hiyo iliyoingia katika Mkataba mwaka 1899 iliomba kubaki na kanuni ya kale, ikakubaliwa. Kwa miaka mingi kitabu cha Ulaya ambacho hakikutolewa kwa Kijapani ndani ya miaka 10 kiliweza kufasiriwa na Mjapani yeyote pasipo kuomba. Sheria yao ya mwaka 1970 ndiyo iliyoiacha njia hiyo, na kipindi cha mpito kikaisha mwishoni mwa mwaka 1980.

Silisemi hili kwa kuwalaumu. Walifanya jambo la busara: walijua kwamba taifa lililo mbali na lugha za Ulaya haliwezi kusoma dunia kwa hisani ya wachapaji wa London na Paris. Nauliza tu: hoja iliyokuwa halali kwa Kijapani kwa miaka zaidi ya 80, yawaje uhalifu inaposemwa na Kiswahili?

Watanijibu kwamba mlango uko wazi: kijana na aombe idhini. Yeyote asemaye hivyo hajui biashara hiyo ilivyo. Katuni ya Kijapani aghalabu haina mwenyewe mmoja. Humilikiwa na kamati ya utengenezaji, ambamo mchapaji wa kitabu, kituo cha runinga, kampuni ya muziki na mwuza vikaragosi kila mmoja ana fungu lake. Haki za nje huuzwa kwa nchi na kwa lugha. Mtu wa Mwankoko atamwandikia nani, kwa lugha gani, akiahidi kulipa nini? Barua yake haitakataliwa, haitajibiwa. Na katika sheria iliyopo, kutojibiwa na kukataliwa ni kitu kimoja.

Tena wenye kazi wenyewe wamekwisha kuonyesha kwamba mfasiri mpenzi si adui wa biashara. Kampuni ya Crunchyroll ilianza mwaka 2006 kama mahali pa kuwekea katuni zilizofasiriwa na wapenzi pasipo idhini. Kuanzia mwaka 2009 ikashika njia ya mikataba. Na mwaka 2021 Sony ikainunua kwa dola bilioni 1.175. Maana yake ni kwamba walioitwa wezi ndio waliofungua soko, na soko likisha kuonekana, kibali kilipatikana. Kwa Kiingereza jambo hilo liliitwa biashara. Sioni kwa nini kwa Kiswahili liendelee kuitwa wizi na kuishia hapo.

Basi yapasa kufanywa nini? Nasema haya. Haki ya kufasiri ifungamanishwe na wajibu wa kufasiri. Kazi ya picha ikiisha kutolewa hadharani, na miaka mitatu ikapita pasipo mwenyewe kuitolea Kiswahili wala kumpa mtu idhini, COSOTA iwe na uwezo wa kutoa leseni kwa mfasiri anayeomba. Jina lake liandikwe daftarini, jina la mtunzi litajwe, na fungu la mapato liwekwe kwa ajili ya mwenye kazi, aje alichukue atakapo. Akitokea na tafsiri yake mwenyewe, leseni ikome. Hapo hakuna aliyeibiwa: mwenye mali amepata malipo ambayo leo hayapati, mfasiri amepata jina, na serikali imepata kodi.

Najua jibu litakalotolewa: Mkataba hauruhusu. Ni kweli kwamba Nyongeza ya Mkataba wa Berne ya mwaka 1971, iliyowekwa kwa ajili ya nchi zinazoendelea, huruhusu leseni ya tafsiri hasa kwa vitabu vilivyochapwa, na kwa madhumuni ya kufundisha na utafiti. Katuni za burudani hazimo. Lakini mikataba huandikwa na watu, na watu huirekebisha. Mwaka 2013, huko Marrakesh, mataifa yalikubaliana kwamba vitabu vigeuzwe kuwa vya kusomwa na wasioona pasipo kungoja idhini, na hakimiliki haikufa kwa sababu hiyo. Nani amewahi kusimama katika mkutano wa namna hiyo na kudai mlango wa Kiswahili? Kiswahili kimepewa na UNESCO siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai. Siku ya kukisifu tunayo; sheria ya kukilisha hatuna.

Na kabla mikataba haijarekebishwa, yako yawezekanayo leo. Mwaka 2011 runinga ya taifa ilionyesha tamthiliya ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa Kiswahili. Watu wakaifuata, hata Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013. Azam nao wameonyesha tamthiliya za Kituruki kwa sauti za Kiswahili. Kwa nini basi vyombo vyetu, pamoja na COSOTA na vyuo vinavyofundisha tafsiri, visijadiliane na wenye katuni kwa niaba ya wafasiri wote kwa mkataba mmoja, badala ya kumwacha kila kijana agonge peke yake mlango wa Tokyo?

Mwalimu Nyerere alipotutolea Mabepari wa Venisi mwaka 1969 hakuhitaji kuomba, kwa kuwa Shakespeare alikufa mwaka 1616. Tukibaki na sheria kama ilivyo, hiyo ndiyo fasihi ya dunia itakayotufikia kwa uhuru: ya waliokufa. Ya walio hai, inayowapendeza watoto wetu sasa, itaingia kwa dirishani. Anayechukia kuona watu wakiingia dirishani na afungue mlango, aweke na mtoza ada; na anayependa kuingia asione haya kulipa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na katika shauri hili wanyonge ni wawili, mchoraji wa Japani na msemaji wa Kiswahili.