Utando wa Kuotesha Mfupa: Kusini Itarajie Nini?

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Septemba 2023, Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyojengwa Mitengo, Mtwara. Kabla ya hapo, mkazi wa Msimbati au Kilambo aliyevunjika mguu vibaya na kuhitaji ubingwa wa juu alikabiliwa na safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Umbali huo ndio unaopaswa kutangulia kila yanapozungumzwa mambo mapya ya tiba ya mifupa, ukiwemo utando mchanganyiko unaosaidia mfupa kuota upya.

Mfupa huota polepole, nyama huota haraka. Panapobaki pengo katika mfupa, nyama laini hulijaza kabla mfupa haujafika. Utando huwekwa hapo kama kizuizi, ili chembe hai za mfupa zipate nafasi ya kufanya kazi yake. Huitwa mchanganyiko kwa kuwa huunganisha vitu viwili au zaidi: polima au kolajeni inayoupa ulaini wa kukunjika, na haidroksiapatiti, madini ya jamii ileile iliyomo katika mfupa wenyewe. Nyingi za tando hizi huyeyuka mwilini baada ya muda, hivyo mgonjwa hapasuliwi tena ili kuziondoa.

Matumizi yake makubwa hadi sasa ni katika tiba ya meno na taya. Muundi uliopoteza sentimita kadhaa ni suala jingine, kwani utando haubebi uzito wa mtu na chuma bado kinahitajika.

Hata hivyo, ipo njia isiyosubiri kiwanda. Daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Alain-Charles Masquelet, alibuni katika miaka ya 1980 utaratibu unaoufanya mwili utengeneze utando wake. Pengo hujazwa saruji maalumu ya mifupa. Baada ya wiki 6 hadi 8 hivi, mwili huwa umeizungushia utando wenye mishipa ya damu. Daktari huufungua, huondoa saruji, kisha hujaza vipande vidogo vya mfupa vilivyochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Kinachohitajika ni chumba safi cha upasuaji, mabingwa, na mgonjwa anayeweza kurudi siku aliyopangiwa. Hilo la mwisho halipewi uzito wa kutosha. Kwa mvuvi wa Msimbati, kurudi Mitengo ni safari ya siku moja. Kurudi Dar es Salaam huenda kukamgharimu mbuzi wake.

Utando wa kiwandani, kama vifaa tiba vingine, uko chini ya udhibiti wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwananchi naye anayo haki ya kuuliza umetokana na nini, kwa sababu kolajeni nyingine hutoka kwa ng'ombe na nyingine kwa nguruwe. Katika pwani yenye Waislamu wengi, swali hilo lijibiwe kabla ya mgonjwa kutia saini ridhaa.

Pwani hii ina malighafi yake pia. Tangu miaka ya 1970 watafiti wameonesha kuwa vitundu vya matumbawe vinafaa kuwa kiunzi cha mfupa. Asije mtu akasoma hayo akashika mtaimbo! Matumbawe ya huku, ambayo yaliwahi kuchimbwa na kuchomwa chokaa, yanalindwa katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Malighafi isiyo na ugomvi ni maganda ya kamba na kaa, ambayo hutoa kitosani, mojawapo ya polima zinazofanyiwa utafiti kwa ajili ya tando hizi. Kutoka ganda hadi kifaa tiba, lakini, ni miaka ya maabara na majaribio, na anayeahidi soko msimu huu apuuzwe.

Kwa sasa, aliyevunjika na mfupa ukatoboa ngozi afikishwe hospitali saa hiyohiyo, kabla ya kupelekwa kwa muunga mifupa wa kijijini. Uchafu ukikaa na usaha ukaingia ndani, daktari hulazimika kukata sehemu ya mfupa iliyokufa, na mapengo mengine makubwa huanzia hapo.