Siku Kuu za Mwaka wa Maradhi

Katika nchi ya Kenya, mtu afanyaye kazi mjini huhesabu mwaka kwa safari zake za kwenda kwao. Huenda Pasaka, huenda Krismasi, na aliye Mwislamu huenda siku ya Idi. Hubeba sukari, sabuni, na leso ya mama yake. Na watoto wadogo hupakatwa na wazazi wao ndani ya basi, maana nauli ya kila kiti ni ghali. Mwaka 2020 safari hizo zilikatika. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi, na shule zikafungwa siku chache baadaye. Tarehe 6 Aprili Serikali ikakataza watu kutoka wala kuingia Nairobi na viunga vyake, na siku mbili baadaye amri hiyo ikafika Mombasa, Kwale na Kilifi. Pasaka ilikuwa tarehe 12.

Maneno mengi yalisemwa juu ya amri ile, na mawili kati yake yafaa kupimwa. Wengine walisema, "Ajali haina kinga. Siku ya mtu ikifika imefika. Basi kwa nini mtu asile siku kuu na mama yake?" Wengine wakasema, "Siku kuu ni nyama na nguo mpya tu. Ikiachwa mwaka mmoja, hapana hasara." Wote wawili walikosa, ila kosa la yule wa kwanza lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa laweza kuua.

Methali ya ajali ni methali njema, lakini imewekwa kwa jambo ambalo mtu hakuliona wala hakuweza kuliona. Mtu avukaye njia ya reli bila kutazama hana ruhusa ya kuitumia. Na korona ilikuwa imekwisha kujulikana njia zake. Mdudu wake, asiyeonekana kwa macho, hutoka pamoja na pumzi ya mtu asemapo, aimbapo, acekapo au akohoapo. Naye hukaa katika hewa ya chumba kilichofungwa. Tena mtu aweza kuwa naye siku kadhaa kabla ya kuona homa, na katika siku hizo akawaambukiza wenziwe, hali yeye mwenyewe ajiona mzima. Watoto wengi waliupata wakaugua kidogo tu, au wasiugue kabisa. Waliokufa zaidi walikuwa wazee, na watu wenye maradhi mengine kama kisukari na shinikizo la damu.

Sasa na itazamwe siku kuu yenyewe. Watu hutoka miji mbalimbali, hukaa saa nyingi katika nyumba moja, huimba, hucheka, hushikana mikono, na huzunguka sinia moja. Na katikati yao, mahali pa heshima, huketishwa bibi na babu. Lau kama mtu angetaka kuupeleka ugonjwa ule kwa wale hasa utakaowaua, asingepata njia iliyo bora kuliko hiyo. Ni jambo chungu kulisema, lakini ni kweli: upendo ule ule umletao mjukuu hata mlangoni pa bibi yake ndio uliokuwa chombo cha kuchukulia maradhi.

Wala jambo hili halikuwa geni duniani. Mwaka 1918, vita vikuu vya kwanza vilipokuwa karibu kwisha, homa ya mafua ilizunguka nchi zote, ikafika Mombasa kwa meli na kupanda bara pamoja na reli. Huko Marekani, katika mji wa Philadelphia, wakubwa wa mji walikuwa wameonywa juu ya homa ile, lakini hawakutaka kuahirisha maandamano ya tarehe 28 Septemba, yaliyokusudiwa kukusanya fedha za vita. Watu wapatao 200,000 walijaa njiani, na bendi zikapiga. Baada ya siku chache hospitali zilijaa, na kabla mwaka haujaisha waliokufa katika mji ule walizidi 10,000. Mji wa St. Louis, katika nchi hiyo hiyo, ulifunga shule, makanisa na nyumba za michezo mapema, nao haukupata vifo kwa kiasi kile. Bila shaka wako watu wa St. Louis waliowanung'unikia wakubwa wao. Wazima ndio wanung'unikao.

Lakini yule wa pili naye asiachwe bila jibu. Asemaye ya kwamba siku kuu ni nyama tu, hajapata kumtazama mwanamke mzee aliyekwisha kufagia uwanja.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya milima ya Taita, maana nyumba za namna ile zilikuwa nyingi. Mama ni mjane, na mwanawe yuko Mombasa pamoja na mke na watoto watatu, mmoja wao bado bibi yake hajamwona. Siku tatu kabla ya Pasaka kijana apiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mnakuja lini? Jogoo nimemfunga."

"Mama, hatuji. Njia imefungwa."

Mama anyamaza kidogo, kisha asema, "Mwenzako wa kijiji cha chini amekuja jana usiku. Amepita porini."

Katika maneno hayo ya mwisho limo jaribu lote la mwaka ule. Mama hakusema, "Njoo." Alisema tu ya kwamba mwana wa mwingine amekuja. Na kijana afanyeje? Akienda, ataonekana mwana mwema leo. Akikaa, majirani watasema mji umemla. Wako waliotafuta hila. Watu kadhaa walikamatwa upande wa Homa Bay, wametoka Nairobi na jeneza wakidai kwenda kuzika, na jeneza likakutwa tupu. Watu walicheka sana kwa habari ile. Lakini mtu hachukui jeneza tupu usiku kucha kwa sababu ya nyama.

Kwa hiyo, siku kuu haikustahili kuvunjwa kwa hila, wala haikustahili kutupwa kama kitu cha bure. Ilistahili kufanywa kwa namna nyingine, na hiyo ni kazi iliyotaka akili. Yule kijana wa Mombasa, kama ana busara, hatakata simu baada ya kusema "hatuji". Nauli aliyoiweka ataituma nyumbani. Na mwaka ule, tangu katikati ya Machi na kwa miezi kadhaa, mtu aliweza kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwa simu bila kulipa ada. Atampigia mama asubuhi ya Pasaka, naye mtoto yule asiyejulikana atalia katika simu, na bibi atasema analia kama marehemu babu yake. Watoto wakubwa watamwuliza bibi jinsi ya kupika kimanga, nao watakipika mjini, kibaya, na kukila. Haya si sawa na kwenda. Asemaye ni sawa adanganya. Lakini si sawa na kunyamaza pia.

Jambo hili lilikuwa hivyo hivyo kwa Waislamu. Idi ya baada ya Ramadhani iliangukia tarehe 24 Mei, na misikiti ya Kenya ilikuwa imefungwa, ikawa watu waliswali majumbani mwao. Huko Makka, ambako mwaka 2019 mahujaji walipata kama milioni mbili na nusu, mwaka 2020 waliruhusiwa wapatao 1,000 tu, nao walikuwa wakaaji wa nchi ile. Hakuna aliyesema ya kwamba Hija imedharauliwa.

Kuna neno moja juu ya watoto, maana wao husahauliwa katika hesabu hizi. Shule zilifungwa tangu Machi. Wachache walirudi Oktoba, na wengine wote wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Katika miezi ile baba wengi walikuwapo nyumbani mchana kutwa, jambo ambalo watoto wao hawakulizoea. Mahali pengine baba alifundisha hesabu na kujifunza ya kwamba mwanawe ana akili. Mahali pengine kazi ilikuwa imekwisha, chumba ni kimoja, na ugomvi haukukosa. Mtoto aliyeipitia miezi ile kwa uvumilivu alifanya kazi ya mtu mzima, ingawa hakuna aliyemwandikia cheti.

Njia zilifunguliwa Julai. Krismasi ilipofika watu walikwenda kwao, ijapokuwa amri ya kutotoka usiku tangu saa nne ilibaki. Ugonjwa haukuwa umekwisha: katika Kenya waliohesabiwa kufa kwa korona hata mwisho walizidi 5,600, na kuna nyumba ambazo mzee wao alizikwa mbele ya watu 15 tu, pasipo nyimbo za kijiji. Basi hata wakati ule palikuwa na namna njema ya kwenda na namna mbaya. Yule kijana wa Taita, kama alikwenda, ilimpasa kuweka meza nje chini ya mti, ijapokuwa milimani kuna baridi, na watoto wakae upande wao. Na bibi, baada ya kungoja mwaka mzima, amtazame mjukuu wake mpya kutoka kiti cha pili, aliyevikwa kofia ya sufu, akimnyoshea mkono.