Usitume hela ya vifaranga kabla ya hela ya chakula

Ndugu zetu mlioko Muscat, Doha, Riyadh na kwingineko, leo tuongee kuku wa nyama, maana swali linalotufikia ni lile lile: "Nimetuma hela ya mradi, hii ni wiki ya sita, picha ninazotumiwa ni kuku wadogo kama njiwa. Ina maana mdogo wangu kanila hela?"

Msimamo wetu ni huu: kabla hujamwita ndugu yako mwizi, hesabu mifuko ya chakula. Mara nyingi kosa lilianzia kwetu huku, kwenye namna tulivyotuma pesa.

Wengi wetu tunaanza na hela ya banda, kwa sababu banda linaonekana kwenye picha. Kisha hela ya vifaranga 200. Chakula tunasema, "Mshahara ukiingia nitatuma." Bosi akichelewesha mshahara siku kumi, kuku hawasubiri. Anayewalisha kule nyumbani atafanya ambacho hata wewe ungefanya: atapunguza kipimo, au atachanganya chakula na pumba za mahindi ili mfuko ufike mbali.

Hapo ndipo hela inapopotea. Kuku anatumia chakula kwanza kuishi: kutunza joto la mwili, kupumua, kutembea. Kinachozidi ndicho kinageuka nyama. Ni kama mshahara wako, akiba inatoka kwenye kinachobaki baada ya matumizi. Ukimpa kuku nusu ya chakula, hupati nusu ya nyama. Unapata kuku anayeishi tu, na kila siku anakula hela yako.

Pumba nazo zinajaza tumbo tu. Kifaranga wa nyama anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 20 hadi 22 hivi, inayotoka kwenye soya, mashudu ya alizeti au dagaa. Pumba za mahindi ziko chini sana ya hapo, na zina makapi mengi ambayo kuku hawezi kuyatumia vizuri. Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi: kifaranga anaingia bandani na gramu 40 hivi, na akilishwa vizuri anatakiwa awe amefika mara nne ya uzito huo siku ya saba. Akidumaa hapo, kumrudisha ni kazi na ni gharama.

Sasa tufanye hesabu. Kuku mmoja wa nyama, mpaka afike karibu kilo 2 kwa wiki 5 au 6, anakula takriban kilo 3 na nusu. Kuku 200 ni kilo 700, yaani mifuko 14 ya kilo 50. Mifuko kama 4 iwe ya stata, iliyobaki ya kukuzia na kumalizia. Uliza bei ya mfuko dukani kwenu, zidisha kwa 14. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya mradi, kuliko vifaranga wenyewe. Sisi wahasibu tunaiita hela ya mzunguko, na bila hiyo, banda lako ni jengo tu.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Hela ya chakula chote ikamilike kabla vifaranga hawajaagizwa. Kama uliyonayo inatosha mifuko 7, agiza vifaranga 100, usione aibu. Ukiweza, mlipe mwenye duka la pembejeo moja kwa moja, mifuko ichukuliwe kidogo kidogo ili isiote ukungu, na risiti ije WhatsApp. Maji yawepo muda wote, kwani kuku anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na akikosa maji hali.

Halafu badala ya picha ya banda, omba picha ya mzani. Kila wiki wapimwe kuku 10 wa kuokotwa tu, wasichaguliwe wanene. Mifuko ikiwa imetimia na uzito haupandi, aitwe afisa mifugo, huenda ni ugonjwa. Uzito usipopanda na mifuko haipo, hapo sasa una haki ya kuuliza maswali, na una ushahidi mkononi.

Tunajua hela hii inatoka wapi. Ni miaka miwili ya kufua na kupika kwenye nyumba ya watu, ni miezi ya kubeba zege juani. Inauma ikipotea. Inauma zaidi ikipotea pamoja na undugu, halafu ukaja kugundua kwamba mdogo wako hakuiba kitu, alibaki na kuku 200 wenye njaa na simu yako isiyopokelewa mpaka mwisho wa mwezi.