KIPA APEWE TIMU



Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo moja litakaloletwa mkutanoni Jumamosi, nalo ni la mwalimu wa timu yetu ya mpira. Haya ni maoni yangu mwenyewe, si ya Chama wala si ya bodi. Asiyekubaliana nami na aandike naye, ubao huu ni wa wote, karatasi na kalamu zipo kwa mtunza ghala.

Jambo lenyewe mnalijua. Msimu huu baada ya mauzo ya mpunga tumetenga fungu la michezo. Tulilitenga kwa sababu tumeona vijana wetu, mpunga ukishaingia ghalani, hawana la kufanya. Jioni wanainamia simu wanakata mikeka ya mpira wa Ulaya, pesa ya jasho la shamba inakwenda hivi hivi. Tukasema tuwe na timu ya maana. Sasa fungu lipo, mabishano ni litumikeje. Wengine wanataka tulete mwalimu kutoka mjini, tumlipe kila mwezi na kumpangia chumba. Wengine wanasema timu apewe yule kipa wetu wa miaka yote, ambaye leo yuko kwenye mashine ya kukoboa, na fungu litumike kumpeleka kozi ya ualimu wa mpira. Mimi ni wa hawa wa pili.

Maneno niliyoyasikia kilabuni na pale kivulini kwa ghala ni haya. Eti kipa anajua nini? Kazi yake kusimama. Hajafunga hata bao moja maisha yake yote, atamfundishaje mtu kufunga? Watu wakacheka sana. Mimi nilimkumbuka James Siang'a.

Wapenzi wa Simba wa umri wangu wanamfahamu. Jina lake kamili James Aggrey Siang'a, Mkenya, alifariki mwaka 2016 huko kwao. Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa golikipa. Aliidakia Gor Mahia, na alikuwemo katika timu ya taifa ya Kenya iliyokwenda Cameroon mwaka 1972 kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza kwa Kenya kufika huko. Wenyeji waliwafunga 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Mali, wakatoka sare nyingine ya 1-1 na Togo, wakarudi nyumbani. Siku zile mpira wa Afrika Mashariki ulikuwa wa ridhaa. Mtu ana kazi yake, akitoka kazini ndipo anakwenda uwanjani. Si wengi waliojenga nyumba kwa kudaka mpira.

Basi mtu wa namna hiyo alipoacha kudaka akashika ualimu. Kwa nyakati mbalimbali alifundisha timu ya taifa ya Kenya, akafundisha Express ya Uganda, na huku kwetu akafundisha Moro United, timu iliyobeba jina la mkoa wetu, akafundisha Simba, na mwaka 2002 akapewa Taifa Stars. Lakini mwaka ninaotaka tuuzungumze ni 2003.

Mwaka ule Simba ilikuwa kwenye Ligi ya Mabingwa wa Afrika, mwalimu akiwa Siang'a. Ikaitoa Santos ya Afrika Kusini kwa penalti. Halafu ikapangiwa Zamalek ya Misri. Zamalek si timu ya kuokota njiani, ndiyo iliyokuwa bingwa wa Afrika, kombe walilichukua 2002. Watu wengi walishaona safari imekwisha. Mechi ya Dar es Salaam Simba ikashinda 1-0. Kwenda Cairo, Zamalek nao wakashinda 1-0. Ngoma droo, zikapigwa penalti, na Simba ikashinda 3-2 mbele ya Waarabu kwao. Golini alikuwa Juma Kaseja, kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajafika. Bingwa wa Afrika akatolewa na timu ya Tanzania, nyumbani kwake.

Sasa angalieni wenyewe. Mara mbili mwaka mmoja timu inavuka kwa penalti. Penalti ni ya nani? Ni ya kipa. Na mwenye kukaa benchi ni mtu ambaye amekula miaka yake mle golini, anayejua mpigaji anavyotazama kona moja akapiga nyingine, anayejua mguu wa kusimamia unavyosema kabla mpira haujaondoka. Kumsimamisha mtoto wa miaka 18 pale Cairo, uwanja mzima unapiga kelele, kunataka mwalimu anayejua kipa ana moyo wa namna gani. Mfungaji akikosa bao anapewa pole, dakika tano baadaye anapata nafasi nyingine. Kipa akikosa mara moja imekwisha, na akitoka nje watoto wanamzomea hadi nyumbani. Aliyeishi hivyo miaka kumi hababaiki upesi.

Baada ya hapo Simba iliingia hatua ya makundi pamoja na Enyimba ya Nigeria, Ismaily ya Misri na ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Kombe hawakulichukua, walichukua Enyimba. Lakini jueni kwamba Simba haikurudi kwenye makundi ya mashindano hayo hadi msimu wa 2018/2019. Yaani alichofanya yule golikipa kilikaa miaka 15 bila kurudiwa pale klabuni, na katikati hapo walipita walimu wengi.

Kuna jambo jingine linaniudhi, ngoja niliseme. Makipa wetu wakizeeka tunawapa kazi ndogo. Juma Pondamali, yule waliyemwita Mensah, alikuwa kipa wa Taifa Stars kwenye fainali za Lagos mwaka 1980. Tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Baadaye akawa mwalimu wa makipa Yanga. Kaseja naye amewahi kuwa mwalimu wa makipa wa Taifa Stars. Ni kazi za heshima, sizidharau. Lakini ni kama kumwambia mtu: wewe fundisha makipa wenzako pale pembeni, timu waachie wenye kujua mpira. Siang'a alipewa timu nzima, akaonyesha. Na huko Italia yupo Dino Zoff, alibeba Kombe la Dunia 1982 akiwa kipa na nahodha, ana miaka 40. Baadaye akapewa timu ya taifa kuifundisha, akaifikisha fainali ya Ulaya mwaka 2000, wakafungwa na Ufaransa 2-1. Kwa hiyo si Siang'a peke yake.

Kipa anaona uwanja wote. Wachezaji kumi wanaona migongo na miguu, yeye anaona mstari wa nyuma ukipinda, anaona nani amechoka na nani anajificha. Anapiga kelele dakika 90: rudi, panda, mtu nyuma yako! Yule wetu mmemsikia wenyewe. Enzi za pantoni, kabla daraja la Mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018, tukivuka kwenda kucheza ng'ambo ya Ulanga tulikuwa tukilala upande wa pili maji yakiwa makubwa. Nani aliyekuwa akiwapanga vijana nani acheze, nani apumzike? Mwalimu tulikuwa hatuna. Alikuwa ni yeye, kwa sauti ile ile ya golini. Kazi ameshaifanya bure miaka mingi, leo tunaogopa kumpa jina lake.

Mtu atanijibu: Katibu, huyo Siang'a wako naye alitoka nje, Simba hawakuchukua mtu wa pale pale. Ni kweli, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini Simba ni klabu ya wanachama nchi nzima na viingilio vya uwanja mkubwa. Sisi tuna mpunga. Mwalimu wa mjini tutamlipa mpaka fungu liishe, mwezi wa tatu mvua zikija uwanja ukageuka bwawa la kambale, yeye atapanda gari aende zake, na wala hatutamlaumu. Ujuzi wake ataondoka nao. Huyu wa mashine ya kukoboa akienda kozi, ujuzi unarudi kijijini na unalala hapa.

Sisemi kwamba kila aliyedaka anaweza kufundisha. Wapo makipa hodari ambao hawawezi kumweleza mtoto jambo likaeleweka. Ndiyo maana nasema aende kozi kwanza. TFF wana kozi za walimu za ngazi ya chini, na chama cha mpira cha wilaya ndio watu wa kuwauliza inaanza lini na gharama yake. Bodi iulize kabla ya Jumamosi, tusije tukapigia kura jambo ambalo bei yake hatuijui.

Nimebakiza lile linalosemwa chinichini. Inasemwa kwamba hawezi kozi kwa sababu kule kuna kuandika, na yeye shule aliiacha mapema akaenda kuchunga ndege mashambani. Hili nalijibu mimi mwenyewe. Mimi kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na watoto tayari. Haya mnayoyasoma hapa ukutani nimeandika kwa mkono uliojifunza herufi baada ya kujifunza jembe. Mtu mzima akitaka anajua. Nimeshamwambia, kuanzia Jumatatu jioni aje ofisini kwangu akifunga mashine, tutakaa na daftari saa moja kila siku hadi kozi ifike. Amekubali. Alikuja juzi kuonyesha mwandiko wake, na mwandiko si mbaya hata kidogo, herufi zake zimesimama kuliko za baadhi ya wajumbe ninaopokea mihtasari yao.

Kwa hiyo nitatoa hoja Jumamosi kwamba apewe timu kwa msimu mmoja, fungu lilipie kozi, mipira minne na nyavu, na likibaki kitu kirudi kwenye akaunti ya ushirika. Msimu ukiisha aje mbele ya mkutano atoe taarifa kama mtunza ghala anavyotoa. Akishindwa tutamwambia ameshindwa, na yeye ni kipa, kusikia hivyo amezoea.

Mkutano ni saa nne asubuhi nje ya ghala. Viti havitoshi, mwenye turubai la kuanikia mpunga aje nalo.

Katibu wa Chama, Tawi