Akiba Haiozi



Kila ufikapo mwezi wa Septemba, nyasi za Nachingwea na Ruangwa hukauka kabisa. Wakati huo huo korosho huanza kuanguka, na mwenye shamba huingia kuziokota. Ng'ombe naye, kwa kuwa ana njaa, hufuata mabua na mabibo shambani. Hapo ndipo ugomvi huzuka. Tangu miaka ya 2006 na 2007, wafugaji wengi walipoondolewa bonde la Usangu na kuelekezwa mkoa wetu wa Lindi, jambo hili limekuwa zito. Bwenini kwetu mtoto wa mkulima hulala kitanda cha juu na mtoto wa mfugaji cha chini, wala hawagombani. Lakini wazazi wao hukutana kwa mtendaji wa kijiji kudaiana fidia.

Wengi husema dawa ni mipaka. Mipaka ni mizuri, lakini ng'ombe mwenye njaa haujui mpaka. Mimi naona dawa ya njaa ni chakula, nacho tunacho tele mwezi wa Machi na Aprili, nyasi zinapompita mtu kimo. Tunaziacha zikomae, kisha tunazichoma moto.

Yafaa tuzikate zingali changa na kuzitia shimoni ziwe sileji. Kazi yake ni kama ile ya maziwa ya mgando: vijidudu vyema hula sukari iliyomo majanini na kutoa uchachu, na uchachu huo huzuia kuoza. Lakini nyasi za nchi zenye joto zina sukari kidogo. Ndiyo sababu wataalamu huongeza molasi, kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani. Sisi viwanda vya sukari viko mbali, na gharama ya kuisafirisha yaweza kumshinda mfugaji mdogo. Basi tutazame tulivyo navyo. Pumba za mahindi huongeza chakula, na tena hunyonya maji majani yakiwa mabichi mno. Mabibo yana sukari na maji mengi. Mengi huoza chini ya mikorosho, na makapi ya yale yanayokamuliwa uraka hutupwa. Tukiyachanganya na mabua makavu ya mtama yaliyokatwakatwa, hiki humpa kile alichopungukiwa. Majani ya karanga, yenye kujenga mwili, yakaushwe na kuliwa pamoja na sileji.

Kipimo cha maji ni kiganja. Fumbata majani: yakichuruzika, yamezidi maji, yakitawanyika mara moja, yamekauka mno, yakifumbuka polepole, yanafaa. Kisha yashindiliwe kwa miguu na kufunikwa kwa nailoni na udongo. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza hewa ikiingia. Usipoziba ufa, utakula hasara.

Mtu ataniuliza, "Mwenye ng'ombe mia mbili atachimba shimo gani?" Ni kweli, hawezi kuwalisha wote hivyo. Lakini ng'ombe wa maziwa, ndama na wadhaifu anaweza. Ng'ombe mmoja akipewa kilo 15 kwa siku kuongezea malisho yake, kwa siku 90 atakula kilo 1,350. Shimo la mita 3 kwa urefu, mita 1 kwa upana na mita 1 kwenda chini, likishindiliwa vizuri, latosha. Na mkulima akimuuzia mfugaji mabua na mabibo, kile kilichokuwa chanzo cha kesi kitakuwa biashara.

Tusianze kwa makuu. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta mengi kwa ajili ya mpango wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya mahali pao, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Walikimbilia ukubwa kabla ya kujaribu udogo.

Kwa hiyo naomba shule yetu ichimbe shimo moja katika shamba letu, mwezi wa Machi. Majembe yapo, na miguu ya kushindilia ni mingi. Mwezi wa Septemba tulifungue, na wazazi wa pande zote mbili waalikwe, waje wanuse na kuona. Mimi nitakuwa nimekwisha ondoka, lakini wadogo zangu wa kidato cha tatu watakuwapo. Kazi nawaachia wao.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne