Fito za Kuvulia na Watoto Garini



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kulitazama tu huonekana dogo. Majira ya joto yakiingia hapa Uingereza, samaki wanayemwita mackerel, ambaye ni jamaa wa karibu wa kibua wetu, husogea karibu na ufuo, na familia zetu nyingi hufunga safari za mwisho wa wiki kwenda kumtafuta. Wa London huelekea gati la Southend, lililoingia baharini zaidi ya kilomita 2. Wenye subira ya barabara hufika hadi Chesil, kule Dorset, ambako ufuo wa kokoto umenyooka kwa maili 18. Ni safari njema. Kuvua baharini kwa ufito hakuhitaji leseni, tofauti na mito na maziwa ya England, ambako kila mwenye umri wa miaka 13 na zaidi lazima awe nayo. Watoto hupata hewa, wazee hupata kitoweo, na akina mama, ambao wengine wao siku hizi huwashinda waume zao kwa kuvua, hupata siku moja ya kutoka jikoni. Hatuna neno na uvuvi. Neno letu ni juu ya gari.

Kwetu pwani suala hili halikuwapo. Mshipi ulizungushwa kwenye kipande cha ubao, ukatiwa kikapuni pamoja na chambo, na mtu akashika njia yake. Hapa tumekuta ufito. Wengine huuita fimbo, wengine mwanzi, ingawa siku hizi si mwanzi tena bali ni nyuzi za kaboni. Ufito wa kutupia kutoka ufuoni huwa na urefu wa futi 12, yaani mita 3 na sentimita 66, na hata ukitenganishwa vipande viwili, kila kipande kinazidi mita 1 na sentimita 80. Buti la gari la kawaida la familia, viti vyote vikiwa vimesimama, halipokei kitu cha urefu huo. Basi ufito huingizwa pale wanapokaa watu, na hapo ndipo penye mashaka.

Mtindo ulioenea kuliko yote ni kuupitisha katikati ya viti viwili vya mbele, ncha yake ikilazwa juu ya dashibodi na shina lake likiwa nyuma miguuni pa watoto. Huonekana ni werevu, kwa kuwa ufito haumgusi mtu. Lakini mbele ya abiria, ndani ya dashibodi hiyohiyo, mna mfuko wa hewa ambao hufumuka kwa kasi kubwa gari linapogonga, na chochote kilicholazwa juu yake hurushwa kumwelekea aliyekaa pale, ambaye aghalabu ni mama wa watoto. Wengine hutoa ncha nje ya dirisha. Hao hatutawaambia mengi: ncha ya ufito nje ya gari iko usawa wa uso wa mpanda baiskeli, na hilo latosha.

Mtindo wa tatu ndio uliotufanya tushike kalamu. Baba hukunja sehemu ya kiti cha nyuma ili fito zipite kutoka buti, kisha mtoto aliyekuwa akae pale hupakatwa na dada yake, au hubanwa wawili katika mkanda mmoja. Tumeyaona haya kwa macho yetu, na si mara moja, msafara ukiondoka baada ya sala ya Alfajiri huku kila mtu akicheka. Tuseme wazi: hapo ufito umepewa kiti na mtoto amenyang'anywa. Mikanda ya viti vya nyuma ilifanywa lazima hapa kwa watoto mwaka 1989 na kwa watu wazima mwaka 1991. Mtoto hutakiwa kutumia kiti chake maalumu mpaka atimize miaka 12 au afikie urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia, na kwa kila aliye chini ya miaka 14 anayeulizwa ni dereva. Faini yaweza kufika pauni 500. Lakini faini ndiyo hasara ndogo.

Tulipokuwa tukifundisha, tulikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi hesabu wanazoweza kuzigusa kwa mkono, nasi tunaomba radhi kwa kuirudia desturi hiyo hapa. Wavuvi wa ufuoni hutumia chubwi, yaani kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, lenye uzito wa aunsi 5, ambazo ni karibu gramu 140. Gari likienda maili 30 kwa saa na kusimama ghafla kwa kugonga, kila kisichofungwa huendelea mbele kwa mwendo uleule wa maili 30. Kitu kinachodondoka kutoka juu hupata mwendo huo kikishaporomoka karibu mita 9. Kwa hiyo chubwi linaloning'inia huru nyuma ya kiti ni sawa na chubwi lililodondoshwa kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, na aliyesimama chini ni mtoto wako. Kwenye barabara kuu, kwa maili 60, urefu wa kudondoka hauwi mara mbili bali mara nne. Anayetaka aihesabu mwenyewe.

Asubuhi, hata hivyo, watu huwa makini. Vitu ni vikavu, kila kimoja kiko mfukoni mwake, na baba ana hamu ya kuonyesha mpangilio wake. Hatari kubwa iko katika kurudi. Jua limekwisha kuchwa, upepo umegeuka baridi, vidole vimekufa ganzi, mdogo analia, na bibi amekwisha kukaa garini anauliza tunaondoka saa ngapi. Hapo ndipo ufito hutiwa garini kama ulivyotoka majini: mshipi ungali umepita katika pete zake, chubwi linaning'inia, na ule mshipi wa manyoya wa kuvulia mackerel, wenye ndoana sita, umesokotwa ovyo kuzunguka kigurudumu. Baba husema, "Nitafungua nyumbani." Juu ya mzigo huo hulazwa makoti, na juu ya makoti hulala watoto.

Mama mmoja wa jamaa zetu alitusimulia jinsi alivyofika nyumbani usiku wa manane na kumwinua mwanawe wa miaka minne, akakuta mkono wa sweta umeshikwa na ndoana mbili, na ya tatu iko kwenye kola, chini ya sikio. Mtoto hakuamka wala hakuumia, alhamdulillahi. Gari lilikuwa limetembea maili 130.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii, nayo haigharimu kitu: ndoana na chubwi hukatwa au huvuliwa pale pale ufuoni, mikono ingali na unyevu wa bahari, kabla ufito haujalikaribia gari. Hutiwa katika kopo au sanduku lenye kifuniko kinachofunga barabara, na sanduku hilo huwekwa buti, chini ya kitu kizito. Anayezigusa risasi anawe mikono kabla ya kugawa sambusa, maana risasi ni sumu, na kwa watoto madhara yake ni makubwa zaidi.

Kisha ufito utenganishwe. Wengi huacha kufanya hivyo kwa sababu maungio yamekwama, na hukwama kwa mchanga na chumvi. Dawa yake ni ya kale: futa maungio kwa kitambaa kikavu kabla ya kuunganisha, na uyasugue kidogo kwa nta ya mshumaa mweupe. Yakikwama hata hivyo, washike watu wawili, kila mmoja akishika pande zote mbili za kiungo, wavute moja kwa moja bila kupinda na bila kushika zile pete. Wala usiunganishe ufito penye maegesho ya magari. Kaboni hupitisha umeme, na maegesho mengi ya mashambani yamepitiwa juu na nyaya. Wavuvi hapa hushauriwa kukaa mita 30 mbali nazo.

Baada ya hapo ndipo huja suala la mahali pa kuuweka, nalo lina jibu moja lililo bora na mengine ya kuridhia. Jibu lililo bora ni kununua ufito unaoingia buti. Kabla hujaenda dukani, fungua buti la gari lako, viti vikiwa vimesimama, upime kwa utepe kutoka pembe hadi pembe, uandike kipimo hicho. Zipo fito za safari zinazogawanyika vipande vinne au vitano, na zipo zile zinazoingiana kama bomba la darubini, ambazo zikifungwa hubaki kama mita moja hivi. Wavuvi wenye ujuzi huzicheka kidogo, kwamba hazitupi mbali. Kwa baba anayevua mara tano kwa mwaka akiwa na watoto wanne, kicheko hicho hakina uzito.

Aliyekwisha kununua ufito mrefu, na ana kiti cha nyuma kisicho na mtu kabisa, akunje sehemu ile nyembamba ya kiti na kuulaza ufito ndani ya bomba. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza bomba la plastiki la maji machafu lenye upana wa milimita 110, pamoja na vifuniko vyake. Likatwe kwa urefu wa vipande vya ufito na kuongeza kidogo, litobolewe matundu madogo ya kutolea maji, na vipande viingizwe vikiwa vimefungwa pamoja kwa ukanda laini. Kigurudumu kivuliwe, kisafiri peke yake. Shina lielekee mbele, likiegemea chini ya mgongo wa kiti cha mbele, na ncha zielekee nyuma, kwani breki ikishikwa mzigo husukumwa mbele, na ni heri lisukumwe lile lililo butu. Bomba lifungwe kwa mkanda kwenye zile pete za chuma zilizo sakafuni mwa buti, ambazo watu wengi hununua gari na kuliuza bila kujua kuwa zipo. Mwenye keria juu ya gari aweza kulifunga bomba huko, sehemu mbili na si moja, na asimame baada ya maili chache kukaza kamba.

Zinauzwa pia kamba za kutundikia fito chini ya dari, zikifungwa katika vile vishikio vilivyo juu ya milango. Hatuzipendi. Katika magari mengi ya karne hii, pembeni mwa dari pamefichwa mifuko ya hewa inayoshuka kama pazia kulinda vichwa vya abiria, na watengenezaji wenyewe hukataza kuning'iniza kitu hapo. Tena ufito wote hukaa usawa wa macho ya walio nyuma.

Na ikiwa watu ni wengi hata hakuna pa kuweka bomba, basi fito ziende katika gari la jamaa mwingine, au zibaki nyumbani. Ndugu mmoja alitujibu kwa imani njema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi. Bila shaka. Lakini tawakali huja baada ya kufunga kamba.

Juu ya kisu cha kupasulia samaki, tuwazindue wenye vijana. Sheria ya mwaka 1988 inakataza kuwa na kisu mahali pa watu bila sababu ya haki, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja chenye ubao usiozidi inchi 3. Kwenda kuvua ni sababu inayoeleweka. Lakini kisu kilichosahauliwa chini ya kiti, kisha kijana akalichukua gari siku ya Jumatano na kusimamishwa na polisi, hicho hakina samaki wa kukitetea. Kiingie ndani ya sanduku, sanduku liingie buti, na siku hiyohiyo ya kurudi kishuke pamoja na samaki.

Likitokea la kutokea, na ndoana ikaingia karibu na jicho au ndani yake, isivutwe wala kusukumwa na mtu yeyote. Mshipi ukatwe, jicho lifunikwe bila kukandamizwa, kikombe cha karatasi chaweza kufaa, na mtoto apelekwe hospitali upesi au ipigwe simu 999.

Tumalizie kwa wazee wenzetu wanaouona ufito huu wote kuwa ni mzigo. Kule Cornwall wapo wavuvi wa mashua ambao hadi leo huvua mackerel kwa mshipi wa mkono, wenye ndoana nyingi, bila ufito wowote. Mwenye kusimama ukingoni mwa gati, samaki wanapopita chini yake, aweza kushusha mshipi wake vivyo hivyo, ikiwa kanuni za gati zinaruhusu. Ukikunjwa hutosha ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo hutosha pembeni mwa buti, karibu na birika la chai.