KONA YA UFUNDI: Meza kwanza, bisibisi baadaye

Mwezi uliopita tuliongea juu ya betri za sola, tukaahidi kwamba mwezi huu tutaingia ndani ya simu. Ahadi ni deni, tutaingia. Lakini kabla ya kuifungua hiyo simu, tuongee kwanza juu ya meza tutakayoiwekea. Tunajua kuna watakaocheka: ati meza nayo inafundishwa? Ndiyo, inafundishwa, na sisi tulijifunza kwa kuumia.

Wengi wenu mnakumbuka Januari ya mwaka 2018. Vita vilichacha kule Fizi, na maelfu ya watu wakavuka Ziwa Tanganyika. Kuna waliofikia Tanzania, na wengi tukafikia huku Burundi. Mtumbwi wetu ulitua Rumonge. Simu ya mama ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge, kitenge kikalowa, simu nayo ikanywa maji. Tukaitoa betri, tukaianika kivulini siku tatu, ikawaka. Tulishangilia kama mtoto kazaliwa, kwa sababu humo ndani ndimo ilimokuwa namba ya kaka yetu mkubwa aliyebaki nyuma, na picha za marehemu baba. Hakuna aliyekuwa ameandika namba ile kwenye karatasi.

Ila sehemu ya kuchajia ilianza kuota kutu. Ikawa haichaji mpaka uukunje waya na kuushikilia kwa kidole. Julai ya mwaka huohuo tukapata karatasi ya ruhusa, tukashuka Rumonge kumsalimia shangazi yetu, na simu tukaibeba. Karibu na soko tukamkuta fundi mmoja kijana, mpole, mkono wake mwepesi. Meza yake ilikuwa imetandikwa nailoni nzito, kiti kina sponji, na mwenyewe kavaa jezi ya nailoni na kandambili. Alibadilisha sehemu ya kuchajia vizuri kabisa, hata sisi tuliona. Simu ikawaka, jina la kaka likaonekana kwenye kioo, halafu ikazima. Haikuwaka tena mpaka leo.

Fundi alihangaika saa mbili. Hakuna kilichoungua, hakuna harufu, hakuna alama. Akakataa pesa yetu, akasema simu yenyewe imechoka. Tukaondoka. Kaka tulimpata baada ya miezi kumi na moja, kupitia mtu aliyetoka Baraka. Picha za baba hazikurudi.

Baadaye, tulipopata mafunzo ya ufundi hapa kambini, ndipo tukasikia kwa mara ya kwanza neno umemetuli. Tukaikumbuka ile nailoni. Hatuwezi kuapa kwamba ndiyo iliyoua simu ya mama, kwa maana maji ya ziwa nayo yalikuwa yameshapita. Na hapo ndipo ubaya wake ulipo: umemetuli ukiua hauachi kidonda.

Sasa, umemetuli ni nini? Wazee wa pwani wanaijua kaharabu, ile inayotengenezewa shanga za tasbihi. Ukiisugua kaharabu kwenye nguo, inavuta majani makavu. Waarabu wamelitoa jina la umeme humohumo, wanauita kahrabaa. Hebu jaribuni nyumbani na watoto: chana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka vishike kitana. Vitu viwili vinaposuguana na kuachana, kimoja hubaki na chaji ya ziada. Kama ni plastiki, nailoni, sponji au blanketi la manyoya ya bandia, chaji ile haina pa kwenda, inakaa palepale ikingoja kitu cha kuirukia.

Mwili wako nao unabeba chaji hiyo. Mtu akitembea juu ya zulia wakati hewa ni kavu sana anaweza kufikisha hata volti 35,000. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mtu huyohuyo hufikisha kama volti 1,500. Haumuui, kwa sababu chaji yenyewe ni kidogo na inapita mara moja. Lakini sikilizeni vizuri: mwanadamu haanzi kuhisi ule mshtuko mpaka ufike karibu volti 3,000, na kumbe kuna chipu zinazoharibika chini ya volti 100. Yaani fundi anaweza kuua chipu mara nyingi kwa siku, na kidole chake kisihisi chochote. Nyingine haifi siku hiyo. Inajeruhiwa tu, simu inarudi nyumbani, inafanya kazi wiki mbili, halafu inakufa. Hapo mama anamwita fundi mwizi, fundi naye anamwambia mama umeiangusha. Wote wawili wanasema wanachokiamini, na ugomvi hauishi.

Mzee mmoja wa kambini, aliyetengeneza redio miaka mingi, alitukatiza darasani: "Nyie walimu watoto! Mimi nimefungua redio tangu hamjazaliwa, sijawahi kufunga mkanda mkononi, na redio zangu zinaimba." Mzee wetu, tunakuheshimu, na unasema kweli. Zile redio za zamani zilikuwa na vipande vikubwa, vigumu, vinavyovumilia. Simu ya leo si hivyo. Ndani ya chipu yake kuna swichi nyingi mno, na kila swichi imekingwa na utando mwembamba wa nanomita chache tu. Unywele mmoja wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Basi ule utando ukirukiwa na cheche, unatoboka kama jani la mgomba kwenye mvua ya mawe. Simu ikiwa imefungwa ina kinga yake. Hatari inaanza tukiifungua.

Kwa hiyo meza ya fundi inatakiwa iweje? Tuifuate hatua kwa hatua.

Kwanza, ondoa adui. Meza ya mbao tupu ni bora kuliko meza iliyotandikwa shitingi. Tunajua shitingi ndiyo tuliyo nayo wote, inafunika nyumba, inatandikwa chini, inafungia mizigo. Iache ifanye kazi hizo, isikae chini ya simu iliyofunguliwa. Ondoa pia sponji, mifuko ya plastiki na blanketi. Fundi avae pamba. Kitenge cha pamba cha mama kinafaa kuliko jezi ya timu unayoipenda.

Pili, mkeka wa meza. Uko mkeka maalumu wa mpira unaopitisha umeme polepole. Ukinzani wake huwa kati ya omu milioni 1 na omu bilioni 1. Mbona tusitandike bati tu, maana bati linapitisha vizuri? Tatizo ni kwamba linapitisha vizuri mno. Chaji ikikimbia ghafla ndiyo hiyo cheche tunayoikimbia, na bodi ikigusa bati huku betri ipo, inaungua. Tunataka chaji ishuke kama maji yanayopita kwenye mchanga, isianguke kama maji ya ndoo iliyomwagwa.

Tatu, mkanda wa mkononi. Unafungwa ugusane na ngozi, usivaliwe juu ya shati, na waya wake unaunganishwa na mkeka. Ndani ya waya huo kuna kikinza cha omu milioni 1, na hicho ndicho kinacholinda uhai wako. Piga hesabu: ukigusa umeme wa volti 220 kwa bahati mbaya, gawanya 220 kwa 1,000,000, unapata milliampia 0.22. Mwili huanza kuhisi umeme kwenye milliampia 1 hivi. Vijana, tunawaomba: msijifunge waya mtupu mkononi mkadhani mmetengeneza mkanda. Waya mtupu unakufunga wewe kwenye ardhi, na umeme wa ukutani ukikupata hautakuachia.

Nne, ethi. Mkeka unaunganishwa na fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini, mita moja na nusu au zaidi, mahali penye unyevu. Rumonge, ufukweni, hiyo si shida, ukichimba kidogo unakuta mchanga umelowa. Huku kwetu mlimani, kiangazi cha Juni mpaka Agosti ardhi inakauka, basi mwagieni fimbo maji mliyooshea vyombo. Usiuchomeke waya wa ethi kwenye tundu lolote la soketi kwa kubahatisha. Na radi ikianza kunguruma, vua mkanda, ondoka mezani, kazi itangoja.

Kama huna ethi kabisa, kwa mfano unatumia sola, usikate tamaa. Unganisha mkeka na mkanda sehemu moja, na simu ilale juu ya mkeka huo. Wote mkiwa na chaji sawa, hakuna wa kumrukia mwenzake.

Tano, adabu ya mkono. Toa betri kwanza. Gusa mkeka kabla ya kugusa bodi. Shika bodi pembeni, kama unavyoshika picha. Kipuri kikae ndani ya mfuko wake wa rangi ya fedha mpaka dakika ya kukitumia. Na kazi ya umeme mkubwa uliowashwa, kama televisheni au inveta, haifanywi ukiwa umefunga mkanda.

Sita ni kazi ambayo mama zetu wanaifanya kila asubuhi bila kujua kwamba ni sayansi. Kabla ya kufagia wananyunyiza maji chini ili vumbi lisipande. Sakafu ya udongo iliyonyunyizwa inapunguza pia umemetuli, maana unyevu unaipa chaji njia ya kuondokea. Basi fundi naye anyunyize banda lake kila asubuhi ya kiangazi, mradi nyaya na soketi ziko juu na zimekauka.

Tulipoyafahamu haya tuliwakumbuka wavuvi wa Rumonge. Alfajiri wanarudi na ndagala, wanakaa peku kwenye mchanga uliolowa, wanazifungua taa zao za betri na kuzitengeneza palepale. Ule mchanga ulikuwa unawashushia chaji zote bila wao kujua. Hatukuona ajabu yoyote wakati ule. Lakini msichukue hilo mkalileta bandani! Taa ya betri ndogo ni jambo moja. Mtu aliye peku kwenye maji akigusa waya wa volti 220 tunamzika. Ndiyo maana mkanda una kikinza, na mchanga hauna.

Sasa tuje kwenye neno la mwezi huu. Banda la vijana la kutengeneza simu lina akiba kidogo, na mkutano wake ni wiki ijayo. Vijana wengi wanataka inunuliwe mashine ya kupuliza hewa moto ya kubandulia chipu. Ni mashine nzuri, hata sisi tunaitamani. Lakini pesa haitoshi kununua vyote, na sisi tutanyosha mkono kwa ajili ya mikeka, mikanda na fimbo ya ethi. Fundi mwenye mashine juu ya meza ya nailoni atabandua chipu vizuri kabisa, na ataiua vizuri kabisa. Na simu zinazoletwa pale si vyombo tu. Mtu ana mume yuko Uvira, ana mtoto yuko Nyarugusu, ana mama hajulikani aliko, na njia yote ya kuwafikia iko ndani ya kile kisimu chenye ufa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa "imechoka".

Kwenu wazazi tuna maombi mawili. Ukimpelekea kijana simu yako na ukamwona anafunga mkanda, anagusa mkeka, anachelewa, usimwambie anajifanya daktari. Mngoje. Na ukimwona anaifungua juu ya shitingi, mwambie kwa upole, "Mwanangu, hiyo nailoni itoe kwanza." Hatakasirika, na akikasirika mwambieni ni sisi tuliowatuma.

Na kazi ya nyumbani mwezi huu ni kwa familia nzima, hata wasio na simu mbovu. Leo jioni chukueni daftari na kalamu. Andikeni namba zote zilizo kwenye simu yenu, jina kwa jina, na daftari mlitunze mahali pakavu. Mkeka wa meza utakuja ukijaliwa. Kalamu mnayo tayari.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaifungua simu kweli. Mbaki salama.

Walimu wenu wa kujitolea